Kaseti 43 za Babu: shajara ya kuzihifadhi, Tukuyu

Jumamosi, 6 Aprili 2024

Leo nimefungua sanduku la bati la Babu. Limekaa chini ya kitanda cha chumba cha nyuma tangu alipofariki, na sote tuliamini lina karatasi za shamba. Lina kaseti 43, madaftari matatu ya hesabu za kahawa na bahasha ya picha zilizogandana. Babu alikuwa karani wa chama cha ushirika, na ukarani wake umo humu pia. Kila kaseti ina namba kwa wino wa bluu, na nyingine zina neno moja au mawili: "Harusi." "Kikao." "Hadithi za Mama." Moja imeandikwa "Amerudi kutoka vitani, 1979". Huyo ni baba mdogo, alikwenda Vita vya Kagera.

Huku Tukuyu mvua ya mwaka mmoja hupita milimita 2,000, na Aprili tunaishi ndani ya maji. Sanduku limeshika kutu pembeni na ndani linanuka uyoga. Nilipoiinua kaseti namba 35 kwenye mwanga wa dirisha niliona unga mweupe umetanda juu ya utepe. Ni kuvu. Nimezitoa zote, nimezisimamisha kwenye rafu ya mbao mbali na ukuta, na nimeweka katikati yake vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mama alikuwa akivitupa. Kuanzia leo hatupi tena.

Kazi niliyojipa ni kuzihamishia sauti hizi kwenye kompyuta, kuzipanga ili mtu mwingine aweze kuzipata bila kuniuliza, na kuzilinda. Nitaandika hapa kila hatua, hata zile nitakazokosea, kwa sababu najua nyumba nyingi za huku juu zina sanduku kama hili.

Jumapili, 14 Aprili

Kabla ya kucheza hata kaseti moja nimevunja vimeno. Mgongoni mwa kila kaseti kuna vimeno viwili vya plastiki, kimoja kwa kila upande, na vikiwepo kitufe cha kurekodi kinashuka. Ukivivunja hakishuki tena. Babu alivivunja kwenye kaseti 12 tu. Kwenye namba 19 hakuvivunja, na nimeshaona matokeo yake: upande A una dakika nne za mzee anayesimulia jinsi walivyokuwa wakivuka mto Kiwira, kisha katikati ya sentensi zinaingia nyimbo za redio. Mtu wa nyumbani alitaka nyimbo, akachukua kaseti iliyokuwa karibu. Yule mzee hatutampata tena. Nimekaa na hilo muda mrefu leo mchana.

Redio kaseti nimeazima kwa jirani. Nimesafisha kichwa chake cha kusomea kwa pamba na spiriti. Kutoka tundu la erfoni waya unaingia kwenye kidude kidogo cha USB, na kidude kinaingia kwenye laptopu. Tundu la maiki la laptopu yangu nililijaribu kwanza, likaleta mvumo kama wa mashine ya kusaga. Programu ninayotumia ni Audacity, ni ya bure. Zile zenye kuvu hazichezwi kabla ya kusafishwa, kwa sababu kuvu hubaki kwenye kichwa cha redio na kuhamia kaseti inayofuata.

Hesabu yake haina njia ya mkato. Kaseti 31 ni za dakika 60, kaseti 12 ni za dakika 90. Jumla saa 49, na sauti lazima icheze kwa mwendo wake wa kawaida, kwa hiyo ni saa 49 za kukaa nayo. Kwa ubora niliouchagua saa moja inakula takriban GB moja, yaani zote kama GB 51.

Jumamosi, 27 Aprili

Kaseti sita zimekwisha, na nimepata somo la kwanza la ulinzi.

Wiki iliyopita nilipeleka flashi steshenari nikachapishe lebo za maboksi. Kwenye flashi hiyohiyo nilikuwa nimeweka kaseti 1 hadi 6. Siku iliyofuata binamu yangu wa Uyole alipita, nikampa flashi akanakili sauti zile kwenye laptopu yake ili tuwe na nakala mjini Mbeya. Nilijiona nimefanya jambo la busara.

Jana, sikukuu ya Muungano, nimechomeka flashi nikaona kila folda ina kishale kidogo kwenye kona ya picha yake. Folda zenyewe zilikuwa zimetoweka, vilivyobaki ni vielekezi vya njia ya mkato. Kijana mmoja wa mtaani aliyekuwa amekuja kuchaji simu alitazama akasema, "Mwalimu, hiyo fomati tu, imeshakufa." Kidole changu kilikuwa karibu kukubali. Kilichonizuia ni namba: flashi ilikuwa inaonyesha bado imejaa zaidi ya GB 6. Kama mafaili yamefutwa, hizo GB zinajazwa na nini?

Virusi hivi havifuti. Huyaficha mafaili yako kwa kuyapa sifa ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, kisha huweka vielekezi vyenye majina yaleyale. Ukibofya kielekezi, virusi vinaamka kwanza, ndipo folda inafunguka, nawe huhisi kitu. Kwa bahati sikubofya. Nimeskani flashi kwa programu ya kuzuia virusi, kisha nimefungua dirisha la amri nikaandika attrib -h -r -s /s /d pamoja na herufi ya flashi na alama za nyota mbele yake. Folda sita zikarudi moja baada ya nyingine. Nimezinakili kwenye laptopu, kisha ndipo nimeifomati flashi.

Kuanzia sasa steshenari nakwenda na flashi tupu yenye faili moja tu la kuchapisha, na ikirudi inafomatiwa kabla ya kuguswa na kitu kingine chochote. Simlaumu mwenye steshenari. Mashine yake hupokea flashi za mji mzima kutwa nzima.

Jambo moja baya: utepe wa kaseti namba 4, ile ya "Hadithi za Mama", umekatika wakati wa kuurudisha mwanzo. Sauti ilikuwa imeshahamishwa yote. Nimeuweka utepe kwenye bahasha safi.

Jumatatu, 13 Mei

Tangu jana intaneti inasuasua nchi nzima, nyaya za chini ya bahari zimekatika. Nilikuwa nafikiria kuweka kila kitu kwenye hifadhi ya mtandaoni na kupumzika. Leo sikuweza kufungua hata barua pepe. Hifadhi ya mtandaoni itakuwepo, ila iwe nakala ya ziada, tena ya sauti nyepesi za kusikiliza tu. Kwa MP3 ya kawaida saa 49 hazifiki hata GB 3, zinaingia kwenye nafasi ya bure.

Jumamosi, 8 Juni

Likizo imeanza na wiki nzima nimekuwa Katumba kwa shangazi, binti mkubwa wa Babu. Kwa sasa kazi ni ya majina, na nimeipenda kuliko nilivyodhani.

Mwanzoni mafaili yangu yalikuwa na majina kama "babu mpya", "babu mpya 2", "harusi safi ya mwisho". Baada ya kaseti kumi sikujua tena kipi ni kipi. Sasa kila jina linaanza na mwaka, mwezi na siku, kwa mpangilio huo, kisha namba ya kaseti, upande, na maneno machache: 1979-06-xx_kaseti-08_A_kurudi-vitani. Mwaka ukitangulia, kompyuta inayapanga mafaili kwa historia yake yenyewe. Sitii nafasi kati ya maneno, natumia kistari, maana mafaili haya yatapita kwenye mashine nyingi na si zote zinazopenda nafasi. Siku nisiyoijua naiandika xx. Sikisii kamwe.

Leja ya mafaili haya iko sehemu mbili. Moja ni jedwali la kompyuta, ambalo nalihifadhi pia kama maandishi matupu ili hata programu yoyote ya miaka ijayo iweze kulisoma. Nyingine ni kaunta buku lenye jalada gumu. Shangazi ndiye aliyelazimisha kaunta buku. "Mwanangu," aliniambia, "hicho chombo kikizimika, mimi nitasoma wapi?" Nilinunua siku hiyohiyo.

Tarehe tunazipata kwa kusikiliza. Kaseti namba 22 haina mwaka. Ni watu wako sebuleni, wanazungumza chinichini, redio inanguruma nyuma, na mama mmoja analia. Nilikuwa tayari kuandika xx kote. Shangazi akainua mkono nisimamishe. "Hiyo ni siku aliyofariki Sokoine. Baba aliwasha redio kubwa na watu wakaingia mpaka barazani." Tukarudisha nyuma, tukasikiliza mara tatu, na kweli jina la Waziri Mkuu linatajwa. Kwa hiyo 1984-04-12, au siku moja mbili mbele yake, na kwenye leja nimeandika hivyohivyo pamoja na jina la aliyetambua. Mimi nafundisha Historia na kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba Edward Sokoine alifariki kwa ajali ya gari karibu na Dakawa, Morogoro. Sikuwahi kujua kwamba nyumbani kwetu kilio cha siku ile kilikuwa ndani ya kaseti.

Kwenye namba 4, bibi mzaa Babu anasimulia hadithi za sungura kwa Kinyakyusa na kuna msichana anayeitikia kila anapotua. Nikamuuliza shangazi anamjua? Alicheka, halafu akanyamaza. Ni yeye.

Jumamosi, 20 Julai

Kaseti 29 zimekamilika. Namba 11 imenisumbua: sauti ya Babu inaanza ya kawaida, na baada ya dakika ishirini inakuwa nyembamba na ya haraka, mwishoni kama ya mtoto. Nilidhani redio yangu imeharibika. Sababu ni betri za siku ile. Zilikuwa zinakwisha, utepe ukapita polepole wakati wa kurekodi, na sasa ukichezwa kwa mwendo wa kawaida kila kitu kinakimbia. Naweza kurekebisha kwa programu, na nimerekebisha, lakini kwenye nakala ya kusikiliza. Faili la asili linabaki lilivyotoka kwenye kaseti, na betri zake zinazokufa. Folda ya asili nimeiwekea sifa ya kusomwa tu, na hakuna kazi yoyote inayofanyika ndani yake.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimekwenda Uyole. Kosta ilijaa mpaka mlangoni, Isongole baridi ilikuwa kali kiasi cha watu kufunga vioo vyote, lakini nilikuwa na furaha kwa kuwa nilikuwa naenda kukagua kitu nilichokiamini. Tangu Aprili nimekuwa nikimtumia binamu mafaili mapya kila yanapokamilika. Kwenye leja yangu nimeandika "nakala mbili" mbele ya kila kaseti.

Tulikaa mezani tukachagua mafaili kwa kubahatisha. Namba 17, inacheza. Namba 9, inacheza. Nikasema tufungue ya 4, nimsikilizishe binamu bibi yetu na mama yake. Haikufunguka. Nikatazama ukubwa: KB 1. Nikatazama ya 1, ya 2, ya 3, mpaka ya 6. Zote KB 1.

Binamu alinakili kutoka ile flashi siku ambayo tayari ilikuwa na virusi. Alichonakili ni vile vielekezi vya njia ya mkato. Majina yalikuwa sahihi, hesabu ya folda ilikuwa sahihi, hakuna aliyefungua. Kwa muda wa karibu miezi minne sauti ya bibi, ambayo utepe wake ulikatika, ilikuwa sehemu moja tu duniani: kwenye laptopu yangu ya miaka tisa, ambayo mwezi uliopita ilidondoka kutoka kwenye kochi.

Sikuweza kula vizuri. Mke wa binamu alipika wali wa Kyela na samaki, chakula ambacho siku nyingine ningemaliza sahani, akaniuliza, "Shemeji, unaumwa?" Nilimweleza. Akasema, "Sasa si uzinakili leo?" Kweli, laptopu nilikuwa nayo begani. Tulianza kwa kuskani mashine yao, ikakutwa na virusi vilevile, ikasafishwa. Saa nne usiku kaseti zote zilikuwa Uyole, na tumefungua kila moja tukasikiliza mwanzo, katikati na mwisho.

Jumapili, 18 Agosti

Asubuhi nimenunua diski mbili za nje mjini Mbeya, za kampuni mbili tofauti ili zisife kwa ugonjwa mmoja. Moja inabaki Uyole, moja inarudi nami Tukuyu. Nilikuwa nazikwepa kwa ajili ya bei. Wapiga picha wana kanuni ambayo sasa naielewa: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumbani. Tumepata laptopu, diski ya Tukuyu na diski ya Uyole, na zile MP3 za mtandaoni pembeni.

Diski haikai imechomekwa. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga mafaili ya watu katika nchi nyingi na kudai fidia, na virusi vya aina hiyo hufunga kila kinachoonekana kwenye mashine, pamoja na diski ya akiba iliyoachwa ubavuni. Microsoft walikuwa wametoa kiraka cha tundu la Windows ambalo virusi hivyo vilipitia, tangu Machi mwaka huohuo. Waliokuwa wamesasisha walinusurika nalo. Nimeacha tabia yangu ya kubonyeza "nikumbushe baadaye".

Halafu kuna alama za mafaili. Mashine yoyote ya Windows ina amri inayoitwa certutil, ambayo ukiitaka itumie SHA256, aina moja ya alama hizo, husoma faili zima na kukupa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ni kama alama ya dole gumba tunayoiacha tukisajili laini ya simu. Faili likibadilika hata chembe moja, mfuatano wote unabadilika. Nimetengeneza alama kwa kila faili la asili na kuziandika kwenye jedwali. Kila miezi mitatu nitazitengeneza upya kwenye kila diski na kulinganisha. Kama ningekuwa nazo Aprili, kile kielekezi cha KB 1 kingejulikana siku ileile.

Na kwenye leja nimefuta neno "nakala mbili" kote. Safu mpya inauliza: imefunguliwa lini, na nani.

Jumamosi, 21 Septemba

Hii ni siku ngumu kuiandika na nitaiandika kwa kifupi kuliko ilivyokuwa.

Kaseti namba 27 imeandikwa "Kikao, 1986". Ni kikao cha ukoo kuhusu mpaka wa shamba baada ya kifo cha mzee mmoja. Kuna hasira ndani yake, kuna mtu anamtuhumu mwenzake uchawi, na wote wawili wanatajwa kwa majina. Mmoja wao wajukuu zake tunasali nao. Shangazi aliinamisha kichwa, kisha akasema, "Zima kwanza."

Tulikaa muda. Nilikuwa na simu mfukoni ambayo tangu asubuhi ilikuwa inapokea ujumbe wa kundi la familia, vijana wanadai niwatumie kaseti zote, maana Babu ni wa wote. Kwa upande mmoja wana haki. Nilimuuliza shangazi kama anataka niifute.

"Usifute," alisema. "Baba alirekodi ili siku moja ijulikane nani alisema nini juu ya mpaka ule. Lakini waliosemwa humo wana watoto ambao hawajui. Usiwape watu ugonjwa wa wazee wao kwa kubonyeza kidude."

Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na mambo inayoyasisitiza ni yaleyale aliyosema shangazi: taarifa za mtu zitumike kwa lengo linalojulikana, na ridhaa yake ina uzito. Ukoo si ofisi, lakini sioni kwa nini tuheshimiane kidogo kuliko watu wasiofahamiana.

Tulifanya hivi. Namba 27, pamoja na nyingine mbili ambazo shangazi alizitaja, zimeingia kwenye kasha lililofungwa kwa VeraCrypt, programu ya bure inayofanya mafaili yasisomeke bila neno la siri, na tumehakikisha hazipo popote nje ya kasha. Kaseti zenyewe ziko kwenye kabati la shangazi lenye kufuli. Neno la siri ni maneno kumi. Tuliyapata kwa kufungua kamusi macho yamefumbwa na kuweka kidole. Methali tulizikataa, kwa kuwa kila mtu anazijua na wavunja siri huanza na misemo inayojulikana. Shangazi ana maneno matano ya kwanza, baba mdogo ana matano ya mwisho, kila mmoja alikuja akaandika ya kwake kwenye kompyuta mimi nikiwa nje barazani. Ukisahau neno la siri la VeraCrypt hakuna wa kukusaidia, kwa hiyo kila mmoja ana bahasha mbili zenye maneno yaleyale, zimekaa nyumba tofauti. Mimi sina hata neno moja.

Kwenye leja kaseti 27 ipo, na urefu wake upo. Maelezo hayapo. Kwa kundi la familia niliandika kwamba kaseti tatu zimefungwa kwa uamuzi wa wazee na nyingine zote zinakuja. Walinuna siku mbili. Kisha harusi ya 1981 ikawafikia na wakaanza kuulizana nani ni nani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku ya funguo zangu mwenyewe. Akaunti ya hifadhi ya mtandaoni ilikuwa inatumia neno la siri lilelile la barua pepe, na hilo lilikuwa jina la shule na mwaka. Yamebadilishwa yote, kila moja la kwake, marefu. Nimewasha uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya simu inayotoa namba mpya kila sekunde 30, badala ya ujumbe wa kawaida. Laini ya simu ikikaa muda mrefu bila kutumika huweza kupewa mtu mwingine, na ujumbe unamfuata yeye. Namba za akiba za kuingilia nimezichapisha. Nilipotazama namba ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti nilikuta ni ile niliyoiacha mwaka 2016.

Pia nimeandika mbele ya kaunta buku, kwa kalamu nyekundu: Windows 10 itaacha kupokea masasisho ya kawaida 14 Oktoba 2025. Laptopu hii haitakubali mfumo mpya zaidi. Nina mwaka mmoja wa kuweka akiba.

Jumamosi, 30 Novemba

Kaseti 41 zimekamilika. Namba 19 tunayo kwa zile dakika nne. Namba 33 na 35 kuvu limekula, zimesafishwa mara mbili na bado zinatoa mchakacho mtupu. Sijazitupa. Ukaguzi wa alama: diski ya Tukuyu sawa yote, laptopu sawa yote. Uyole binamu ameufanya mwenyewe kwa karatasi ya maelekezo niliyomtumia, amekuta faili moja halilingani. Ni yeye alilifungua akakata kimya cha mwanzoni, akidhani anasaidia. Amerudisha lile la asili.

Jumatano, 18 Desemba

Nimeandika maelekezo ya ukurasa mmoja kwa mkono: diski iko wapi, inachomekwaje, leja inasomwaje, bahasha zipo kwa nani. Hayana neno lolote la kitaalamu. Nimempa shangazi, anakwenda Uyole kwa Krismasi. Nimemwomba mwezi wa kwanza aifungue hifadhi bila mimi, na binamu asimwelekeze kwa mdomo. Akikwama, akwame, aandike alikokwama.

Jumamosi, 4 Januari 2025

Saa tisa alasiri simu imeita. Mvua ilikuwa kubwa, nikaingia chumba cha nyuma ambako bati halina kelele sana.

"Nimekwama," alisema shangazi.

Mstari wa nne wa maelekezo yangu unasema "fungua folda ya ASILI". Folda zilikuwa mbili zenye jina hilo, moja ya sauti na moja ya picha nilizoongeza Desemba. Kosa ni langu na nimeliandika: ASILI-SAUTI, ASILI-PICHA. Nilitaka kumwambia achague ya juu, akanikatiza. "Usiniambie. Nimeshaelewa, ni ile yenye namba za kaseti. Nilitaka tu ujue umekosea wapi."

Simu ilibaki wazi mezani. Nilisikia kiti kikivutwa, kipanya kikibofya, mjukuu wake akiuliza kitu na kuambiwa anyamaze. Kisha ikaanza sauti ya mvua, na kwa sekunde chache sikujua kama ni ya huku kwangu. Ilikuwa ya kwenye kaseti, kwenye bati la nyumba ya zamani. Bibi alianza kusimulia. Alipotua, msichana wa 1979 aliitikia, na shangazi, pale Uyole, akaitikia pamoja naye.

Walisikiliza mpaka mwisho wa upande A. Sikukata simu.

Jioni binamu amenitumia picha ya kaunta buku la Uyole. Kwenye safu ya "imefunguliwa lini, na nani", mbele ya kaseti 4, kuna mwandiko mkubwa wa shangazi, tarehe ya leo na jina lake lote. Chini yake mjukuu ameandika la kwake, kwa penseli.

Ukaguzi unaofuata wa alama: Machi. Folda mbili zibadilishwe majina kwenye diski zote kabla ya hapo, na maelekezo yaandikwe upya.